Mbuna wanajikuna kwenye mawe kutwa nzima, madoa sioni. Wajuzi nisaidieni kabla sijamwaga dawa

#1 MbunaTabata

Wakuu, salaam.

Nina tangi la kioo la lita 200, ndani mna mbuna, wale samaki wa mapambo wa miamba ya Ziwa Nyasa, wa rangi mchanganyiko. Tangu wiki iliyopita wanajikuna. Samaki anatoka mbio, analala ubavu, anajisugua kwenye jiwe, kisha anaendelea na safari yake. Alianza mmoja, sasa ni karibu wote. Anayenitia wasiwasi zaidi ni dume wa bluu: anapumua harakaharaka, hatoki pale juu maji ya filta yanapomwagikia, na shavu la kushoto kalibana kabisa. Linalofunguka na kufunga ni la kulia tu.

Madoa meupe sijaona hata moja. Chakula wanakula. Joto 28. Maji ni ya kisima kirefu, yanapitia kwenye simtanki. Kuna samaki wawili wapya waliingia mwezi huu.

Dukani nimeambiwa nimwage kwa pamoja chumvi, methilini bluu na unga wa kapsuli za tetrasaiklini. Sijaweka chochote. Nataka kwanza kujua kinachowasumbua: ni maji au ni vimelea? Na mtu anatofautishaje?

Nawasilisha.

#2 KibuaFeri

Hiyo iki mkuu, ugonjwa wa madoa meupe, usizunguke mbali. Madoa meupe yatatokea kesho kutwa. Pandisha joto hadi 32, tia chumvi vijiko vitatu vya chakula, utakuja kunishukuru. Wangu walikuwa hivyohivyo.

#3 MamaRasi

Kibua, iki umeionea wapi wakati mwenye samaki kasema hakuna doa?

Mleta mada, una vipimo vya amonia na naitraiti, zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, na pH, yaani uchachu wa maji? Kama huna, leo badilisha robo ya maji, ongeza jiwe la hewa, ndipo tuzungumze dawa.

#4 SatoMkavu

Huku Mwanza samaki akijikuna tunamalizia kumkuna kwa kisu, tunakamulia ndimu. Endeleeni wakuu, nimekaa siti ya mbele.

#5 MgangaWaMapezi

Niko kwenye fani ya afya ya mifugo, samaki wakiwemo. Uzi huu naupenda kwa sababu mwenyewe ameuliza kabla ya kumwaga. Wengi huuliza baada ya kuzika.

Kujikuna hakukutajii ugonjwa. Ngozi ya samaki ni hai mpaka juu kabisa, kilichoifunika ni ute tu. Matamvua ndiyo laini zaidi, kwa sababu hapo ndipo hewa inapopita kuingia kwenye damu. Ikiguswa na amonia, klorini, pH iliyoruka, mnyoo au kimelea cha seli moja, dalili ya nje inafanana: anajisugua, anapumua mbio, anabana mapezi.

Ninachokiangalia kwanza ni mwendo wa tatizo. Maji yakiharibika ghafla, samaki wote huanza karibu kwa pamoja, mara nyingi saa chache baada ya kuongeza au kubadilisha maji. Vimelea huanza na mmoja au wawili, wengine wanafuata siku hadi siku. Maelezo ya mleta mada yanaelekea huku kwa pili, tena wageni wawili waliingia juzijuzi. Na lile shavu moja kubanwa huku jingine likifanya kazi, mimi hulihusisha na minyoo bapa ya matamvua. Siapi, naegemea tu.

Kibua hajakosea kila kitu. Iki huweza kuanzia kwenye matamvua kabla madoa hayajatokea mwilini. Ila ile punje nyeupe tunayoiona ni kimelea aliyejichimbia chini ya ngozi, dawa haimfikii. Akishiba anadondoka, anajifungia kwenye kokoto na kugawanyika kuwa mamia, nao hutoka kutafuta samaki. Dawa inawaua hawa wanaoogelea tu. Kwenye joto la Dar mzunguko huo ni suala la siku chache, kwenye maji ya nyuzi 10 unachukua wiki kadhaa. Kwa hiyo hata ingekuwa iki, dozi moja haitoshi.

Na ule mchanganyiko wa dukani achana nao. Methilini bluu inaua bakteria wema wa filta wanaoondoa amonia. Tetrasaiklini ikikutana na maji magumu inashikana na kalsiamu na kupoteza nguvu, na maji ya mbuna ni magumu kwa asili yake. Unaumiza filta, ugonjwa unabaki palepale.

#6 KibuaFeri

"Hajakosea kila kitu." Nimepata nusu ya maksi, naichukua.

#7 FundiVioo

Mimi natengeneza matangi, mambo ya vimelea nawaachia wenyewe. Lakini mbili hizi zirekebishwe.

Moja, vijiko. Chumvi ya tiba inapimwa kwa mzani, maana kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havina uzito mmoja. Kiwango kinachokera vimelea vingi vya seli moja ni gramu 3 kwa lita, yaani gramu 600 kwenye tangi lake. Vijiko vitatu ni kama gramu 50, hapo umekoleza mchuzi tu. Iyayushe kwenye ndoo pembeni, uingize kidogokidogo kwa siku mbili. Mimea itakufa, itoe.

Pili, joto. Maji ya nyuzi 28 yakijaa oksijeni hubeba karibu miligramu 7.8 kwa lita. Ya 32 hubeba 7.3 hivi, na samaki mwenyewe hapo anahitaji oksijeni zaidi. Yule dume tayari anahema, ukimpandishia joto bila kuongeza hewa unammaliza.

#8 KibuaFeri

Chumvi ya madini joto je? Niliambiwa inaua samaki.

#9 FundiVioo

Haiui. Madini joto yaliyomo ni machache mno kumdhuru samaki. Chukua yoyote isiyo na viungo.

#10 MbunaTabata

Asanteni. Vipimo sina, kuna mtu anavileta Jumamosi. Nimebadilisha robo ya maji na kuongeza jiwe la hewa kama alivyosema MamaRasi.

Nimeuliza nyumbani, nimepata mambo mawili. Simtanki lilisafishwa hivi karibuni, na kijana aliyelisafisha alitumia klorini ya unga. Anasema alisuuza. Halafu jioni sebuleni hupulizwa dawa ya mbu, na pampu ya hewa iko sakafuni nyuma ya kochi.

#11 MamaRasi

Si hiyo hapo! Klorini. Hata sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita inaunguza matamvua. Maji ya bomba tunayokunywa bila wasiwasi huachiwa miligramu 0.2 au zaidi ili yasiote vijidudu njiani. Sisi hatuyasikii, samaki anayaogelea.

Kama kipimo cha klorini kinakusumbua kupata, nenda wanakouza vitu vya mabwawa ya kuogelea. Kile kiboksi chao cha matone kinapima klorini na pH, na ni bei nafuu kuliko vya akwariamu. Dawa ya kuondoa klorini ni thaiosalfeti ya sodiamu, inafanya kazi papo hapo. Huna, acha maji kwenye ndoo za wazi na jiwe la hewa siku nzima.

#12 Mtoro_Minnesota

Nyongeza kwa walio nje: hilo la kuacha maji siku nzima huku tulipo lisitegemewe. Miji mingi Marekani hutumia kloramini, yaani klorini iliyofungwa na amonia, na haipeperuki kirahisi. Ukitia thaiosalfeti inavunja klorini, halafu amonia inabaki ndani ya tangi. Unahitaji dawa inayoshika vyote viwili.

#13 MgangaWaMapezi

Kwa MamaRasi: klorini ni mtuhumiwa halali, lakini haikai. Ikiingia kwenye tangi lenye uchafu, mwani na samaki, inaisha ndani ya muda mfupi. Wiki nzima ya kujikuna inahitaji kila maji yanayoongezwa yawe na klorini. Mleta mada, ulikuwa unaongeza kila siku?

#14 MbunaTabata

Kila baada ya siku mbili hivi, kufidia yanayokauka. Ndoo moja.

#15 MamaRasi

Basi kila siku mbili wanaunguzwa upya. Natulia hapohapo.

#16 BintiKizingo

Nipo Mombasa. Mimi nashangaa dawa ya mbu imepitwa kimyakimya. Zile za kupuliza nyingi zina sumu ya jamii ya pairethroidi. Kwa mtu haina makali makubwa, kwa samaki ni kali sana, hata kwa kiasi kidogo. Pampu ya hewa ikiwa sakafuni inavuta mvuke wote wa sebule na kuusukuma ndani ya maji kama mapovu madogo. Jirani yangu alifikwa na mkasa huo: samaki walianza kurukaruka na kujigonga vioo usiku, kila mtu akamlaumu muuza samaki.

Toeni pampu sebuleni, au pulizeni chumba kingine na kufunika tangi kwa taulo lenye maji. Tena filta itieni kaboni mpya, ule mkaa wa kuchujia, inakamata sumu hiyo.

#17 JichoLaMaji

Kaboni toeni siku mtakayoweka dawa ya kutibu, maana itaikamata nayo pia. Nasisitiza kwa sababu naona watu wanaacha kila kitu ndani kisha wanasema dawa feki.

Halafu hakuna aliyemwambia achukue tochi. Zima taa zote, mulika samaki kwa pembeni, tazama mgongo na kichwa. Ukiona kama vumbi la dhahabu au kutu limemwagika juu ya ute, hiyo ni velveti, na inaua haraka kuliko iki. Mchana huioni kabisa. Kimelea chake kinatumia mwanga kujitengenezea chakula, ndiyo maana tiba inaambatana na kulifunika tangi giza.

#18 MbunaTabata

Nimemulika. Vumbi hakuna. Ila kwenye pezi la mgongo la mmoja kuna vipovu vidogo sana kama vya soda.

#19 KisimaMrefu

Hapo sasa mnaingia kwangu, mimi ni mchimbaji. Maji ya chini sana yanatoka na hewa iliyobanwa. Ukiyapampu juu shinikizo linashuka, hewa inataka kutoka, na inaweza kutokea hata kwenye pezi na ndani ya damu ya samaki. Tena mengi yana kaboni dioksidi, kwa hiyo pH inasoma chini yakitoka, ukiyaacha yapumue usiku mmoja inapanda. Samaki anayemwagiwa moja kwa moja anarushwa pH chini na juu kwa siku moja.

Simtanki halitoi hewa hiyo yote, maana lina mfuniko. Yamwage kwa urefu kwenye pipa la wazi, yavurugwe na pampu usiku kucha.

#20 MwanaKigoma

Niliwahi kufanya kazi na watu wanaokusanya samaki wa mapambo Ziwa Tanganyika. Wakuu, samaki wa miamba hujisugua hata ziwani. Dume akitaka kujionyesha kwa jike anatetema na kupiga ubavu chini. Anayekula mwani huinama ubavu kukwangua jiwe, ukiwa mgeni utasema anajikuna. Kwa hiyo kujisugua mara mojamoja kusimtoe mtu usingizi.

Lakini huyu mwenye shavu lililobanwa si tambo za dume. Anaumwa.

La pili, amonia. Watu wa guppy wanaichukulia poa, sisi wa maziwa makuu hatuwezi. Tanganyika pH iko karibu 9, Nyasa inazidi 8 mara nyingi. pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile inayopenya tamvua. Subirini vipimo.

#21 SatoMkavu

Nilikuja kucheka, sasa nimechukua daftari.

#22 MbunaTabata

MREJESHO. Vipimo vimefika, vya matone. Tangi: amonia 0.5, naitraiti 0, pH 8.4, joto 28. Simtanki, kwa kile kiboksi cha bwawa: klorini rangi ya njano hafifu mno, sijui niite ipo au haipo.

Nimehamisha pampu chumbani na dawa ya mbu imesimama. Wanaojikuna wamepungua kidogo. Dume bado.

#23 FundiVioo

Piga hesabu. Kwenye pH 8.4 na joto 28, karibu asilimia 15 ya amonia yote ni ile huru yenye sumu. 0.5 mara 0.15 ni miligramu 0.075 kwa lita. Juu ya 0.02 tamvua zinaanza kuumia polepole. Tangi hilohilo lingekuwa pH 7, sumu ingekuwa chini ya asilimia moja, kama mara 20 pungufu. MwanaKigoma kanena.

Umeme ulikatika huko hivi karibuni? Filta ikilala saa nyingi bila maji kupita, bakteria wa ndani wanakosa oksijeni wanakufa, amonia inapanda.

#24 MbunaTabata

Umeme ulikatika usiku mmoja, ndiyo. Karibu na wakati huohuo.

#25 MamaRasi

Na klorini inaua bakteria haohao wa filta. Kwa hiyo hata amonia yako, Fundi, huenda chanzo ni klorini yangu.

#26 FundiVioo

Au umeme. Dada hukubali kushindwa wewe.

#27 MgangaWaMapezi

Punguza chakula, acha siku mbili kabisa, badilisha maji kidogokidogo kila siku kwa maji yaliyopumua. Usibadilishe yote kwa mkupuo. Amonia ikirudi sifuri na dume bado anabana shavu, mimi natibu minyoo.

Niweke sawa jambo moja kabla halijasambaa: watu wanataja Dactylogyrus kwa kila samaki. Hao ni wa ukoo wa goldfish na koi. Samaki wa jamii ya sato na mbuna wana wao, Cichlidogyrus. Tabia zinafanana: wanataga mayai, na mayai hayasikii dawa. Wa ngozini, Gyrodactylus, hatagi. Anazaa mtoto ambaye tumboni tayari ana mtoto mwingine, kwa hiyo mnyoo mmoja unatosha kujaza tangi.

Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 2 hadi 3 kwa lita. Rudia baada ya siku tano hadi saba kuwakamata walioanguliwa. Haiyeyuki vizuri, isage na uikoroge sana kwenye chupa ya maji kwanza. Hewa iwe nyingi.

#28 SatoMkavu

Prazikwanteli si ile ya kichocho tuliyomezeshwa shuleni tukapimwa urefu kwa fimbo? Kaka Tabata, samaki wako wameoga wapi?

#29 MgangaWaMapezi

Ndiyo hiyohiyo, kidonge cha miligramu 600. Kimoja kwa lita 200 kinatoa miligramu 3 kwa lita. Kichocho nacho ni mnyoo bapa, ndio maana dawa inawaelewa wote. Lakini samaki waliotibiwa hivyo hawaliwi, Sato, usije ukaniletea kesi.

#30 TibaZaBabu

Mnajichosha. Pamanganeti ya zambarau kidogo, maji yawe ya waridi, kila kitu kinakufa. Tumetumia miaka.

#31 MwanaKigoma

Kinakufa kila kitu, na samaki pia. Kwenye pH ya juu pamanganeti inaacha mashapo ya kahawia yanayoganda kwenye matamvua. Kwa mbuna mwenye tamvua mgonjwa siwezi kushauri hata kidogo. Na wanaoichanganya na fomalini waache, ni hatari hata kwa anayeshika chupa.

#32 TibaZaBabu

Koi wangu wapo hai mpaka leo.

#33 JichoLaMaji

Koi wako wana pH gani, Babu?

#34 MbunaTabata

MREJESHO wa pili. Amonia sifuri kwa kipimo. Wengi wameacha kujikuna. Dume wa bluu bado anabana shavu, ila anahema polepole kuliko mwanzo.

Rafiki mwenye hadubini chuoni amenisaidia. Alipitisha kioo chembamba ubavuni, toka nyuma ya pezi la kifuani kuelekea mkiani, akaweka ute na tone la maji ya tangi, akatazama hapohapo. Kuna vitu vya mviringo kama visahani, vina duara la meno ndani, vinazunguka bila kutulia. Vichache, vitatu au vinne kila anaposogeza. Mnyoo hakuona.

#35 MgangaWaMapezi

Hizo ni Trichodina, vimelea vya seli moja, na umeeleza vizuri mno. Iki ungeona dude kubwa linalojiviringisha taratibu, lenye kiini cha umbo la kiatu cha farasi. Trichodina wachache hukaa kwa samaki wazima, wanaongezeka maji yakichafuka. Hazinieleweshi shavu moja. Na ute wa ubavu haukuonyeshi minyoo ya tamvua, lazima tamvua lenyewe liangaliwe, kazi inayotaka samaki alazwe kwa dawa ya usingizi na mtu mzoefu.

Mimi bado ni prazikwanteli.

#36 FundiVioo

Mimi bado ni amonia. Imeshuka, wamepona. Shavu la dume ni kidonda kilichobaki, tamvua linahitaji muda kuota upya. Mpe wiki mbili za maji safi.

#37 BintiKizingo

Na mimi naona kujikuna kulianza kupungua siku pampu ilipohama sebuleni, kabla amonia haijashuka. Someni #22 tena.

#38 KibuaFeri

Trichodina inasikia chumvi au haisikii?

#39 MgangaWaMapezi

Inasikia. Gramu 3 kwa lita.

#40 KibuaFeri

Basi chumvi nilisema tangu #2. Kipimo tu ndicho kilinipiga chenga.

#41 MbunaTabata

Nimeamua hivi: dume peke yake kwenye tangi dogo, chumvi kwa mzani kwanza. Wengine maji safi tu, bila dawa. Asipofungua shavu nampa prazikwanteli hukohuko, ili filta kubwa isiguswe. Wale wageni wawili nao nawatenga. Nitaleta majibu.

#42 MamaRasi

Safi. Na maji ya simtanki yapitie pipa la wazi, ili mimi na KisimaMrefu tufurahi wote.

#43 ShangaziKoi_Moshi

Samahani kudandia uzi. Koi wangu wamehamia bwawa jipya la nje, nao wanajikuna tangu walipoingia, wote kwa pamoja, na ute umekuwa mweupe kama maziwa. Nianze na chumvi au prazikwanteli?

#44 FundiVioo

Shangazi, usiweke chochote. Bwawa ni la saruji? Lilikaa na maji muda gani kabla ya samaki, na lilipakwa rangi ya kuzuia au ni plasta tupu? Chokaa ya saruji mpya inaweza kupeleka pH juu ya 10. Pima pH sasa hivi, asubuhi na jioni, utuletee namba.

#45 TibaZaBabu

Yangu ni 7.6, kwa aliyeuliza.